Cherti si kioo, na ndani yake mna mengi

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita ukurasa wenu wa sayansi ulikuwa na habari ya zana za mawe za watu wa kale. Nimeikata nikaiweka, maana picha zake ni safi na maelezo ya namna ya kubandua jiwe kwa jiwe ni sahihi. Lakini katikati ipo sentensi moja ambayo nimeisoma mara nne na kila mara imenichoma: kwamba cherti ni “kioo cha asili, jiwe la sura moja lisilo na kitu ndani yake”. Kwa miaka 26 kazi yangu imekuwa kukata mawe na kuyasaga mpaka yapitishe mwanga, ili wanajiolojia wayasome kwa hadubini. Cherti nimezikata kwa mamia. Naomba nafasi niseme kwamba sentensi ile ina makosa mawili, na la pili linaumiza zaidi.

Kioo cha asili kipo, na jina lake ni obsidiani. Hutokana na lava iliyopoa upesi mno, chembe zake zisipate nafasi ya kujipanga. Cherti haitokani na lava kupoa. Ni mwamba wa mashapo: silika, yaani silikoni na oksijeni, iliyokusanyika majini au iliyopenya ndani ya mawe mengine, ikaishia kuwa fuwele za kwatzi ndogo mno kuonekana kwa macho. Naelewa mwandishi alivyochanganya. Yote mawili hupasuka kwa mikunjo kama gamba la kome, na yote mawili hutoa ukingo unaokata ngozi. Ndugu wa cherti ambaye Waswahili wamemjua siku nyingi ni gumegume, lile jiwe la kutoa cheche kwenye bunduki za zamani. Jina hilo limesema ugumu na limesema kweli. Ila ugumu ni habari ya nje tu.

Mkono ukifika mwisho wake, msumeno unaanza. Nakata kipande chenye ukubwa wa nusu kiberiti kwa msumeno wenye makali ya almasi. Nasugua uso mmoja juu ya kioo kinene kwa maji na unga wa silikoni kabaidi, naubandika kwenye slaidi kwa gundi ya epoksi, kisha nasaga upande wa pili mpaka ubaki unene wa milimita 0.03. Huo ndio ubale. Cherti ina ugumu wa daraja la 7 katika kipimo cha Mohs, kwa hiyo inakula muda kuliko jiwe la chokaa, tena mwishoni haitaki haraka: ukizidisha kusugua kidogo tu, ubale wote unakwenda na maji. Unene huo hatuupimi kwa rula, tunaupima kwa rangi. Kwatzi iliyofika unene sahihi huonekana ya kijivu hadi nyeupe; ikionyesha umanjano, bado ni nene. Katika cherti rangi hiyo ni ngumu kuiamini kwa sababu fuwele ni ndogo na zimepandiana, basi mimi hutafuta kwanza mshipa wowote wenye fuwele kubwa kidogo na kuufanya ndio kipimo changu.

Hadubini ya miamba ina vichujio viwili vya mwanga, kimoja chini ya jiwe na kimoja juu yake. Kila kichujio huruhusu mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Vikikingamana, mwanga uliopita cha chini haupiti cha juu, na jichoni unaona giza. Sasa weka kipande cha obsidiani. Giza linabaki, na ukizungusha meza ya hadubini mduara mzima linabaki vilevile, isipokuwa pale penye vifuwele vichache vilivyonaswa ndani ya kioo. Weka ubale wa cherti mahali pake. Uwanja wote unawaka nukta nukta, kijivu, nyeupe, nyeusi. Zungusha meza: nukta iliyokuwa nyeupe inazimika, jirani yake iliyozimika inawaka, na katika mduara mmoja kila fuwele huzimika mara nne. Kioo hakifanyi hivyo hata siku moja. Jaribio hilo halichukui dakika, na hilo peke yake linamaliza kosa la kwanza.

La pili ni hilo la “lisilo na kitu ndani yake”. Hapa, Mhariri, nivumilie, maana hapa ndipo nimetumia maisha yangu.

Nukta hizo zinazowaka ni kwatzi ndogo, nyingi zikiwa chini ya maikromita 20 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Chukua fuwele ya maikromita 5: ndani ya ubale wa maikromita 30 zinakaa sita, moja juu ya nyingine, kila moja imeelekea upande wake. Ndiyo maana picha za cherti zina ukungu fulani ambao wanafunzi hudhani ni kosa la lenzi. Huwaambia waache kuzungusha skrubu, kwani wanatazama sakafu sita kwa mara moja. Kuna wakati nasaga ubale mwembamba zaidi ya kawaida kwa sababu hiyo tu, na ukungu unapungua, mipaka ya fuwele inajitokeza, mingine imenyooka, mingine imeingiliana kama meno.

Kisha kuna kalsedoni. Hii ni silika ileile lakini imeota kwa nyuzi, na nyuzi zimetawanyika kutoka sehemu moja kama upepeo uliofunguliwa. Ukizungusha meza, msalaba mweusi unapita juu ya upepeo huo bila kuuondoa. Mara nyingi utaikuta imeshika kuta za tundu, na katikati ya tundu zimekaa fuwele kubwa za kwatzi, zaidi ya maikromita 20, safi, zimeelekeza ncha zao kati. Mpangilio huo ni kalenda: ukuta ndio wa kwanza, katikati ndiko kulikojazwa mwisho. Nimeona matundu yenye duru tatu za kalsedoni kabla ya kwatzi, na kila duru ina kivuli chake cha vumbi, maana yake maji yalisimama, yakabadilika, yakarudi.

Nyuzi za kalsedoni zenyewe ni za aina mbili, nazo hazitofautiani mpaka uingize bamba la kupimia mwendo wa mwanga. Ukilaza nyuzi sambamba na upande wa bamba ambao mwanga huupitia polepole, za kawaida hugeuka manjano na zile nyingine hugeuka buluu. Mwaka 1971 Robert Folk na J. S. Pittman waliandika kwamba zile za buluu huonekana sana mahali palipowahi kuwa na chumvi za maji yaliyokauka, kama jasi, hata kama chumvi yenyewe ilishayeyuka ikapotea zamani. Ni dalili tu, haitoshi kutolea hukumu. Lakini hebu fikirini: jasi haipo tena, bahari haipo tena, na unyuzi mwembamba kuliko unywele bado unakumbuka.

Kuna pia moganiti, iliyopewa jina la Mogán katika kisiwa cha Gran Canaria. Ni silika iliyojipanga kwa namna tofauti na kwatzi, na katika ubale jicho haliwezi kuitenga. Hapo tunahitaji mashine ya Raman, inayopiga jiwe kwa leza na kusoma mwanga unaorudi: kwatzi husimamisha mlima wake karibu na namba 465, moganiti karibu na 502. Kadiri miaka inavyopita moganiti hugeuka kwatzi, kwa hiyo cherti za kale sana huwa zimebakiza kidogo au hazina kabisa.

Na bado sijafika kwenye vivuli. Cherti nyingi zilikuwa kitu kingine kabla ya kuwa cherti. Zile za bahari ya kina zimejaa radiolaria, viumbe vya chembe moja vilivyojenga mifupa ya silika. Katika ubale ni viduara vyenye kiasi cha moja ya kumi ya milimita, vimejaa kalsedoni, na ukibahatika utaona bado miiba na matundu ya gamba. Nyingine zina vijiti vya sifongo wa baharini, kila kijiti na mfereji wake mwembamba katikati. Nyingine zilikuwa mawe ya chokaa yaliyojaa vitufe vya tabaka juu ya tabaka, kama pete za gogo lililokatwa. Silika iliingia polepole, ikaiondoa kalsaiti, yaani madini ya jiwe la chokaa, na kukalia nafasi yake kwa uangalifu kiasi kwamba pete zote zinahesabika, ingawa hakuna tena chokaa hata chembe. Ukidondoshea tindikali haichemki. Ukitoa kichujio cha juu, pete ziko pale.

Vipo pia vifuwele vya dolomiti, madini ya jamii ya chokaa, vyenye umbo la uru wa karata, vingine vizima, vingine vimebaki tundu lenye umbo hilohilo lililozungukwa na kutu ya chuma. Vipo vichembe vyeusi ambavyo haviwaki kwa namna yoyote. Hapo msiharakishe kuandika “uchafu”. Washa taa ya juu, ile inayomulika uso wa jiwe: kikimeta manjano ya shaba, ni pairiti, madini ya chuma na salfa, na mara nyingi utaona vimejikusanya kama mafundo ya vitufe vidogo, alama ya tope lililokosa oksijeni. Kisipometa, huenda ni mabaki ya viumbe yaliyogeuka kaboni. Wekundu wa cherti inayoitwa yaspi ni vumbi la hematiti, yaani oksidi ya chuma, laini mno, na katika ubale huonekana limekaa kwa mawingu mawingu badala ya kuenea sawasawa. Jiwe la sura moja!

Habari yenu ilitaja Olduvai, lile bonde la kaskazini mwa Tanzania lenye zana za watu wa kale. Hapo palikuwa pazuri pa kueleza, kwa sababu vinundu vya cherti vya Olduvai vina historia yao. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini mawili mapya kutoka Ziwa Magadi nchini Kenya, magadiiti na kenyaiti, yenye silika, sodiamu na maji ndani yake. Alionyesha kwamba yakipoteza sodiamu na maji hubaki cherti. Mwaka uliofuata Richard Hay akaunganisha jambo hilo na vinundu vya Olduvai, vilivyotokea katika ziwa la kale la magadi. Vinundu vya namna hii huwa na sura za ajabu, uso wenye mikunjo na nyufa za kusinyaa, kwa sababu kilichogeuka kuwa jiwe kilikuwa kitu laini kilichopungua ujazo. Mwaka 1995 Peter Heaney alionyesha pia kwamba cherti za mazingira ya chumvi huwa na moganiti nyingi kuliko nyingine. Kwa hiyo yule mtu wa kale aliyeokota kinundu akakibandua, alishika mkononi kipande cha ziwa lenye magadi, na ushahidi wa ziwa hilo umo ndani ya jiwe. Kumwambia msomaji kwamba alishika kioo ni kumnyima yote hayo.

Mtu atasema hizi ni starehe za wataalamu. Ndiyo sababu nataka niseme kuhusu zege.

Silika haianzi ikiwa kwatzi. Mifupa ya radiolaria na ya diatomu, mwani wa chembe moja, ni opali, silika isiyojipanga, yenye maji ndani. Ikifukiwa na kupata joto huyeyuka na kujijenga upya kuwa opali ya hatua ya pili, ambayo kwa hadubini ya elektroni huonekana kama vitufe vya mabamba membamba vya maikromita chache, kisha hiyo nayo huyeyuka na kuwa kwatzi. Safari hiyo haikamiliki kila mahali. Kuna cherti zilizobaki njiani, na ndani yake opali inakaa bega kwa bega na kwatzi. Katika ubale opali hiyo karibu haiwaki kabisa, inafanana na kioo kuliko kitu kingine chochote ndani ya jiwe. Ni sehemu hiyo hasa inayoshambuliwa na alkali ya saruji. Hutokea utelezi mzito unaofyonza maji na kuvimba, na zege linapasuka kutoka ndani, nyufa zikisambaa usoni kama ramani. Thomas Stanton wa California ndiye aliyeeleza jambo hilo mwaka 1940, na tangu hapo kukagua kokoto kwa hadubini ni sehemu ya ujenzi wa makini.

Niliwahi kuletewa mfuko wa kokoto za namna hii. Ulikuja na karatasi ya ofisi moja iliyosema: “Mwamba mgumu wa silika, unafaa.” Kwa nyundo ulikuwa unafaa kweli. Nilikata mbale sita. Katika nne nilikuta mabaka ya giza yasiyobadilika meza ikizunguka, na nilipotoa kichujio cha juu nikaona mabaka hayo yamezama chini ya gundi: ukiinua lenzi, mstari wa mwanga mpakani unakimbilia kwenye gundi, maana yake kitu kile kinapinda mwanga kidogo kuliko gundi. Kwatzi haifanyi hivyo. Opali ndiyo inayofanya. Tulithibitisha kwa miale ya eksirei, na kokoto zile hazikumwagwa kwenye zege. Aliyeandika ile karatasi hakudanganya. Alikuwa amefundishwa, kama wasomaji wenu wa juma lililopita, kwamba cherti ni kitu kimoja.

Mafundisho hayo yana gharama nyingine ambayo nimeishuhudia. Katika ghala moja la sampuli nilikofanya kazi miaka ya mwanzo, lilipohitajika rafu, masanduku matatu ya mbale yalitupwa. Niliuliza kwa nini hayo. Nikajibiwa kwamba ni cherti tu, zote zinafanana. Nilikuwa mpya, nikanyamaza, na kunyamaza huko bado kunaniuma, kwa sababu mawe yenyewe yalitoka kwenye machimbo ambayo baadaye yalijaa maji.

Nimefikiri mara nyingi juu ya cherti ambazo hazikutupwa. Karibu na kijiji cha Rhynie huko Scotland, daktari mmoja, William Mackie, aliona mwaka 1912 mawe ya ajabu kwenye kuta za mashamba, akayakata mbale. Ndani mlikuwa na mimea yenye umri wa takriban miaka milioni 407, iliyojaa silika ya chemchemi ya moto, na katika mashina yake seli zinahesabika, matundu ya kupumulia yapo, nyuzi za kuvu zipo. Kwenye ufuko wa Ziwa Superior huko Kanada, cherti nyeusi ya Gunflint ilionekana haina kitu mpaka Stanley Tyler alipoitazama ndani ya ubale. Yeye na Elso Barghoorn walichapisha mwaka 1954 habari za viumbe vidogo vya miaka karibu bilioni 1.9. Kabla ya hapo wengi waliamini miamba ya umri huo haitoi visukuku vya kuaminika.

Ubale pia hufunza tahadhari. Katika cherti ya Apex ya Australia Magharibi, yenye umri wa miaka karibu bilioni 3.5, William Schopf alitangaza mwaka 1993 nyuzi alizosema ni visukuku vya vijidudu. Mwaka 2002 Martin Brasier na wenzake walizitazama upya, wakasema ni kaboni iliyojipanga pembezoni mwa fuwele katika mshipa wa maji moto, na ubishi uliofuata ulikuwa mkali. Mimi nilijifunza somo hilo kwa kiwango changu. Kijana mmoja aliniletea ubale akiwa na furaha ya kupata kisukuku cha duara, nacho kilikuwa kiputo cha hewa ndani ya gundi, cheusi ukingoni. Tangu hapo kila mwanafunzi wangu namfundisha kwanza sura ya kiputo, sura ya punje ya unga wa kusagia iliyonasa tunduni, na sura ya mkwaruzo wa msumeno. Akizijua hizo tatu ndipo namruhusu aseme ameona kitu.

Ninachoomba, Mhariri, ni mambo machache. Mchapishe sahihisho, kwa herufi za ukubwa uleule wa habari: cherti ni mwamba wa mashapo wenye fuwele za kwatzi. Mkiandika tena juu ya zana za mawe, mwulizeni mwandishi kama jiwe limetazamwa kwa ubale au kwa macho tu, na jibu lake liandikwe. Na wasomaji wanaotunza sampuli, iwe kwenye machimbo, makumbusho au madarasa, nawaomba waandike kwenye kila slaidi jiwe lilitoka wapi na upande gani ulikuwa juu. Tundu lililojaa nusu tope na nusu kwatzi linaeleza juu na chini ya bahari ya kale, lakini likishasagwa bila alama halimwelezi mtu lolote.

Pamoja na barua hii nimetuma picha tatu za sehemu moja ya ubale mmoja: ya kwanza kwa mwanga wa kawaida, ya pili vichujio vikiwa vimekingamana, ya tatu meza ikiwa imezungushwa nyuzi 45. Katikati mtaona radiolaria mmoja, kushoto uru wa dolomiti, na juu kulia baka dogo la opali lililobaki giza katika picha zote mbili za mwisho. Mkizichapisha, tafadhali ziwekeni pamoja kwa ukubwa ulio sawa, wala msizipunguze kingo. Upana wa kila moja ni milimita 2.

Msomaji wenu,
Fundi wa mbale za miamba